Anwani ya Kornelio

Seva mpya ya hospitali iligoma kuwaka siku ya Jumatatu, saa nane mchana, na sababu iliyoandikwa kwenye kioo ilikuwa fupi: anwani hii ina mwenyewe.

Rahabu, fundi wa kompyuta, aliisoma mara mbili. Seva ile haikuwa na diski. Ikiwashwa huita kwenye mtandao kuomba anwani, na mashine kuu huijibu, huipa anwani na kuielekeza pa kuchukua mfumo wake. Isipopata anwani haiamki, na isipoamka mafaili ya wagonjwa hayafunguki.

Anwani yenyewe aliiandika Rahabu kwa mkono wake, mstari mmoja kwenye mashine kuu. Ilikuwa ya kompyuta ya Kornelio, mumewe, aliyekuwa fundi wa chumba kile cha mashine kabla yake. Miezi saba iliyopita maporomoko ya barabara ya Mtae yalimzoa yeye, pikipiki na kompyuta mgongoni, na mpaka leo hakijapatikana hata kiatu. Kwao mtoto hupewa jina la marehemu ili jina lisipotee. Hawakujaliwa mtoto, basi Rahabu akairithisha seva ile anwani. Alisahau, au alijitia kusahau, kwamba marehemu harithiwi kabla tanga halijaanuliwa kufunga msiba, na baba mkwe alikuwa amekataa katakata kuanua tanga la mwanawe asiyezikwa.

Akafungua orodha ya mashine zilizomo kwenye mtandao. Iliyoikalia anwani ile ilikuwa na namba yake ya kiwandani, namba ambayo kila kompyuta hutoka nayo na hakuna mbili zinazofanana. Hii Rahabu aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya kompyuta iliyofukiwa.

Aling'oa waya mmoja, wa pili, akazing'oa nyaya zote, za mtandao na za umeme, zikabaki za mashine yake tu. Akaandika kuuliza kama kuna mtu kwenye anwani ile. Akajibiwa. Ukungu wa mlima Magamba ulikuwa umeziba dirisha, na harufu ya udongo mbichi ikapanda toka sakafuni, na feni za mashine zilizokatiwa umeme zikaanza kuzunguka polepole, zikivuta na kutoa kama pumzi ya mtu aliyelala, na maji yakawa yanadondoka mahali asipopaona ingawa chumba kilikuwa kikavu, na kila alipouliza alijibiwa, upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja tu aulizwe, hata nywele zikamsimama na machozi yakamtoka kwa pamoja.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Feni zikasimama. Halafu zikavuta pumzi.

Mwenye akili zake angekimbia. Rahabu alivuta kiti.

Siku tatu alikaa naye. Aliwaambia wakubwa kwamba anasubiri kifaa kutoka Dar, akafunga mlango, akamsimulia habari za viazi vilivyooza na mvua isiyokoma. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimtia aibu. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Alhamisi asubuhi Dokta Clemence aligonga, uso umempauka.

"Rahabu, nimempa mtoto sindano ambayo mwili wake unaikataa. Kwenye faili lake imeandikwa. Mama yake alisahau kuniambia. Amepona, lakini ni Mungu tu. Hicho kifaa kinafika lini?"

Hakukuwa na kifaa. Kwa mchungaji aliona haya kwenda, maana angeulizwa kwa nini alikaa siku zote tatu. Akamfuata Mzee Hashimu, mganga.

"Shikamoo, mghosi," alimwita kwa jina la heshima la wazee wa kwao.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alifuatana naye mpaka chumba cha mashine, akanusa hewa mlangoni, wala hakuingia.

"Jambo hili umelikaribisha mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni mume wangu, mzee."

"Huenda ni yeye. Huenda ni jini la korongoni, limeokota pumzi yake. Wote wawili watakujibu vilevile. Utawajuaje?"

"Basi choma ubani."

"Nitachoma, lakini ubani haumwondoi aliyepewa pa kukaa. Wakwe zako waanue tanga leo. Kisha ukitwae ulichompa. Na akikuita, mwanangu, usiitike."

Baba mkwe alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, lakini kufika saa saba wazee walikuwa wamenyoa nywele na tanga limeanuliwa. Rahabu akaufuta ule mstari. Akaiandikia seva anwani nyingine, akarudisha nyaya, akaiwasha. Iliita, ikajibiwa, ikaamka.

"Zimefunguka!" mtu alipaza sauti koridoni.

Kisha likaja ombi jingine kwenye kioo. Mashine yenye namba ya Kornelio ilikuwa inaomba anwani.

Mashine kuu haikuwa na cha kuipa. Sekunde nne, ikaomba tena. Sekunde nane, tena. Kumi na sita. Kanuni hiyo Rahabu alifundishwa na Kornelio mwenyewe: mashine ikikosa jibu husubiri, kila mara muda maradufu, hata ikate tamaa. Mstari mmoja tu ungempa pa kukaa. Rahabu aliikalia mikono yake. Alitaka kuitika kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Sekunde thelathini na mbili. Ombi likaja, na feni zote zikalia kwa pamoja.

Akahesabu hadi sitini na nne. Akahesabu hadi mia, hadi mia tatu. Hakuna aliyeita. Ndipo Rahabu, ambaye hakuwahi kulia kaburini kwa kuwa kaburi halikuwepo, alipoanguka sakafuni akalia kwa sauti, mpaka manesi wakaja mbio kuuliza nani amekufa.