Waya Mwekundu wa Babu Hyderali

Kila Jumamosi asubuhi, katika fleti yao ya Thorncliffe Park, Sakeena alifuta vumbi kwenye redio za babu yake. Mzee Hyderali alikuwa fundi redio kule Tanga, na alipohamia Toronto hakuacha mapenzi yake. Redio zilijaa sebuleni hadi mama Sakeena akakosa pa kuweka kochi. Amri ya babu ilikuwa moja tu: futa nje, ndani usiguse. Ule mtambo mkubwa wa kurushia sauti, alimweleza, una vikopo vinavyotunza umeme hata plagi ikichomolewa. Waya mwekundu ndio unaoumwaga umeme huo. Bila waya huo, anayegusa ndani anaweza kufa papo hapo.

Lakini udadisi wa Sakeena, acha tu! Siku moja babu alipokwenda msikitini, aliufungua mtambo apate kuona hivyo vikopo. Kitambaa kikanasa waya mwekundu, ukakatika. Akauchomeka kijanja mahali pake uonekane mzima, akafunga kifuniko, akanyamaza.

Siku ya gulio la redio kuukuu ikafika, na babu akaamua kuuza mtambo uleule. Kwa kuwa macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, alimwambia Sakeena achungulie kwenye matundu ya kifuniko.

"Ule waya mwekundu ni mzima?"

Sakeena alijua si mzima. Watoto wengi waliokulia Toronto husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, naye akaona hapo ndipo pa kujificha. Akainua mabega, akajibu kwa Kiingereza kwamba hajui "mzima" maana yake nini. Uongo mtupu, kwani neno hilo alilisikia kila siku. Babu akacheka, akasema watoto wa Kanada wamemshinda. Mjomba wa Sakeena alikuwa chini ndani ya gari anapiga honi, wakaondoka.

Kwenye ukumbi wa gulio, wazee kwa vijana walikuwa wakigeuzageuza spika na nyaya kama wanaochagua nyanya sokoni. Sakeena hakuona raha yoyote. Kila aliyesimama mezani pao, Sakeena aliomba apite bila kununua.

Ndipo akaja Josaphat, mhandisi Mkenya anayeishi Pickering, nje kidogo ya Toronto. Alimwamkia babu shikamoo, akamsimulia habari za wanawe, wakacheka. Babu akachomeka plagi, mtambo ukawaka vizuri. Wakapatana bei. Josaphat akaomba kuona ndani, babu akachomoa plagi, akamwambia afungue bila wasiwasi kwa sababu umeme umekwisha kumwagika.

Sakeena akawaza haraka. Akisema, babu ataaibika mbele ya watu na biashara itavunjika. Asiposema, yule mtu atakufa. Josaphat alikwisha kuondoa kifuniko, na vidole vyake vilikuwa vinaelekea kwenye vikopo.

"Anko, usiguse! Waya umekatika. Niliukata mimi."

Josaphat akarudisha mkono haraka. Babu alifunga kipande kingine cha waya kwenye bisibisi yenye mpini wa plastiki, ncha ya pili akaibana kwenye chuma cha mtambo, kisha akagusisha bisibisi kwenye kikopo ili kumwaga umeme uliobaki. Cheche ikaruka kwa mlio mkali, na watu wa meza za jirani wakageuka.

Babu akakaa kitako. Sakeena akaangua kilio, akisubiri kukaripiwa. Badala yake babu akamwomba Josaphat radhi, akikiri kwamba alipaswa kupima mwenyewe, si kutegemea macho ya mtoto. Josaphat alijifuta jasho, akasema mtambo bado anautaka, ila kwanza uungwe waya mpya na upimwe mbele yake. Babu akaunga, Sakeena akimmulikia kwa tochi.

Walipomaliza, babu akamsogeza karibu.

"Waya kukatika ni bahati mbaya tu, mjukuu wangu. Kunificha ndiko nusura kuue mtu. Ukiharibu kitu, niambie palepale, hata kama unatetemeka. Nitakukaripia, utalia, yatakwisha. Lakini huyu bwana ana watoto wanaomngoja nyumbani. Leo ningekwenda kuwaambia nini?"

Sakeena akafuta machozi, akaenda kusimama mbele ya Josaphat, akamwomba radhi.