Trekta la Bibi ni Namba Gani?

Sogeeni, watoto. Masikio yote mbele!

Huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, aliishi Bupe. Alikuwa na miaka sita, na meno mawili ya mbele hana.

Bibi yake alikuwa na trekta. Zee! Zee kuliko barabara. Lilipakwa nyekundu, likapakwa bluu, likapakwa kijani, mpaka lenyewe likasahau rangi yake.

Lakini nguvu? Acha kabisa! Lililima shamba la Bibi. Lililima shamba la jirani. Siku moja nusura lilime na mlima.

Asubuhi moja Bibi akaliwasha.

Ke! Ke! Ke! Puuu...

Kimya.

"Pampu imekufa, Mama," akasema Mjomba Lugano. Yeye ndiye fundi.

Bibi akatazama mawingu. Meusi tii! "Kalete nyingine haraka, mwanangu. Tukichelewa kulima, mwaka huu hatuli wali."

Hatuli wali? Bupe akashika tumbo.

Mjomba akasoma kibati chenye jina la trekta. Herufi zilikuwa zimefutika. Zilibaki namba mbili tu: 89.

"Themanini na tisa!" Akapanda baiskeli, kirikiri kirikiri, mpaka dukani. Akarudi na pampu ya themanini na tisa.

Haikuingia.

Akaisukuma. Haikuingia. Akaibembeleza. Wapi!

Bibi akarudisha ile ya zamani, akajaribu tena.

Ke! Ke! Ke! Puuu...

Kimya.

"Sasa hili ni trekta gani?" akauliza Bibi. Hakuna aliyejua.

Bupe akataka kuona chini ya trekta. Akageuka, akainama. Kichwa chini, matako juu. Akachungulia katikati ya miguu yake.

"Oho!" Bibi akacheka. "Mke mwenzangu anachungulia! Mtoto akichungulia hivyo, mgeni yuko njiani."

"Bibi, mbona kibati kinasema sitini na nane?"

"Themanini na tisa," akasema Mjomba.

"Huku kwangu ni sitini na nane!"

Mjomba akainama. Kichwa chini, matako juu. Bibi naye akainama, mgongo ukalia kwa!

Lo! 68!

"Nani alikigongomea kibati kichwa chini miguu juu?" akauliza Bibi.

Mjomba akakohoa. "Ilikuwa zamani, Mama."

Akapanda baiskeli. Kirikiri kirikiri! Pampu ya sitini na nane ikaingia kama kidole puani.

Ke! Ke! Ke! Gurumgurumgurum!

"Sitini na nane!" akapiga kelele Bupe. "Hilo ndilo jina lake!"

Wakalima shamba la Bibi. Wakalima la jirani. Walipomaliza mstari wa mwisho, tone la kwanza likaanguka.

To!

Jioni mvua ikapiga bati. To-to-to-to. Bibi akamfunika Bupe blanketi.

"Ndaga, mke mwenzangu," akasema. Kwao, ndaga ni asante. "Ndaga kwa macho yako."

"Ndaga, Bibi. Ndaga kwa wali."

"Wali? Mpunga hata hatujapanda!"

"Nashukuru mapema," akasema Bupe.

Akapiga mwayo mkubwa, akalala.