Mota Iliyonuka Samaki

"Weka chini hiyo drili!"

"Niache kwanza, mteja anakuja saa tisa na..."

"Nasema weka chini!"

"...na makopo ishirini hayajajaa! Unataka nikoroge kwa mkono?"

"Koroga kwa pua ukitaka! Drili ya umeme humu ndani haiingii!"

Hao ni mume na mke. Mume mtaani wanamwita Haraka, maana hata chai huinywa amesimama. Mke ni Mama Rangi. Wanatengeneza rangi ya mafuta katika banda nyuma ya nyumba yao. Harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi, hukuwasha macho kabla hujapiga hodi.

Juu ya pipa la rangi kuna mota ndogo. Haitumii umeme. Inazungushwa na upepo wa kompresa, mashine ya kubana hewa, na kompresa yenyewe iko nje, mbali na rangi. Upepo unapita kwenye mpira, unaingia ndani ya mota, na mwiko wa chuma unakoroga. Hakuna cheche. Ndiyo maana waliinunua. Mvuke wa tina ukikutana na cheche moja tu ya drili, banda zima linawaka.

Lakini asubuhi hiyo mota iligoma. Iliguna mara mbili, ikanyamaza. Na shule ya chekechea ilikuwa imeagiza makopo ishirini ya buluu, kwa ajili ya geti na bembea. Ilikuwa kazi yao kubwa ya kwanza.

"Tukiwaangusha hawa," alisema Mama Rangi, "hakuna shule nyingine itakayotupigia simu."

"Sasa si ndiyo maana nataka drili!"

Kichwa kilichojaa roli za nywele kikachomoza juu ya ukuta.

"Jamani, leo ni siku yangu ya kupumzika. Mnagombana hata chai sijanywa?"

Ni jirani yao, Dada Meno. Anafanya kazi kliniki ya meno. Yeye ndiye anayesafisha na kutunza vifaa vya daktari.

"Shoga, njoo umwambie shemeji yako," alisema Mama Rangi. "Mota ya upepo imekufa, sasa anataka kutuchoma."

"Mota ya upepo? Hiyo si ndiyo kazi yangu! Kile kidude kinachokulilia mdomoni, wiiii, unadhani kinazungushwa na nini? Upepo huohuo."

Akaja na kandambili zake. Akainama, akainusa mota. Akanusa tena.

"Shemeji, huyu samaki ametoka wapi?"

Haraka akaangalia dari.

"Shemeji, nakuuliza."

"Niliitia mafuta kidogo. Ilikuwa inapiga kelele."

"Mafuta gani?"

"Ya jikoni."

"Yale ya kukaangia samaki?" Mama Rangi akashika kiuno. "Kumbe ni wewe! Na mimi nimemnunia wifi wiki nzima, nikidhani ndiye anayeyamaliza!"

"Mafuta ni mafuta," alijitetea Haraka. "Kama sisi tunayala na hatufi, mota itakufaje?"

"Wewe una tumbo, mota haina," alisema Dada Meno. "Ndani yake mna vibapa vidogo vinavyoteleza. Upepo unavisukuma, mota inazunguka. Mafuta ya kupikia yananata kama gundi. Vibapa vinakwama. Haya, na maji ya tangi la kompresa mlimwaga lini?"

Mume na mke wakatazamana.

"Sisi tunajaza upepo," alisema Mama Rangi. "Maji yanatoka wapi?"

"Hewa ina unyevu. Ukiibana kwenye tangi, maji yanajikusanya chini. Usipoyamwaga, yanasafiri na upepo hadi kwenye mota. Halafu unapata kutu."

Haraka alikuwa ameshashika spana.

"Ngoja wewe!" Dada Meno alimpiga kofi mkononi. "Mpira bado una upepo. Ukiuchomoa sasa utakurukia kama nyoka aliyekanyagwa. Zima kompresa. Funga koki. Toa upepo uliobaki, mpaka usikie kimya. Hapo ndipo uchomoe."

Wakafanya hivyo. Kisha wakafungua koki ya chini ya tangi polepole, nyuso pembeni. Yakatoka maji ya kahawia kama chai ya rangi.

"Mungu wangu," alisema Mama Rangi. "Tumeifuga bahari."

Haraka akachukua kopo la tina. "Nioshee na hii?"

"Tina hapana. Petroli hapana. Mafuta ya taa hapana. Vyote vinawaka. Kuna dawa yake ya kuoshea mota za upepo, isiyoshika moto. Na ununue mafuta yake mepesi. Karatasi iliyokuja na mota iko wapi? Inasema ni mafuta gani."

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nane, chini ya mguu wa meza inayoyumba. Waliisoma. Haraka akatoka mbio kwenda duka la vifaa. Safari hii hakuna aliyemwambia apunguze mwendo.

Aliporudi, waliipeleka mota nje, penye hewa.

"Mimi sishiki," alisema Dada Meno. "Mota yenu, mikono yenu. Vaeni miwani ya kinga."

Mama Rangi akadondosha dawa kwenye tundu la kuingizia upepo. Akazungusha mhimili kwa mkono, huku na huku. Mwanzoni ulikuwa mgumu. Ukalegea. Akafunika tundu la kutolea upepo kwa kitambaa, Haraka akarudisha mpira, akawasha kompresa na kufungulia upepo kidogo kidogo. Mota ikatema uchafu mweusi. Wakarudia mpaka kitambaa kikabaki safi. Mwisho, wakatia matone machache ya mafuta mepesi.

"Chupa nzima je?" aliuliza Haraka.

"Ukizidisha itawatemea mafuta kwenye rangi. Matone tu, kila asubuhi kabla ya kazi. Na maji ya tangi kila jioni."

Haraka akageuza mpira ajipulize vumbi shatini. Wanawake wote wawili wakapiga kelele. "Upepo huo hupasua ngozi!" alisema Dada Meno. "Shati likung'ute kwa mkono, kama watu."

Wakairudisha mota juu ya pipa. Ikaimba. Mwiko ukazunguka, buluu ikalainika kama uji wa mtoto.

Saa tisa kasoro, kopo la ishirini lilifungwa. Mwalimu wa chekechea alifika na gari. Akafungua kopo moja, akachovya kijiti, akakiinua. Rangi ikatiririka bila hata donge moja.

"Nzuri hii," alisema. "Wiki ijayo nitataka ya njano."

Haraka akacheka kwa furaha, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka kooni. Mama Rangi naye akacheka. Dada Meno peke yake hakucheka. Alisogea karibu, akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia.

"Shemeji, usifunge mdomo. Geukia huku kwenye mwanga. Lile jino la nyuma kabisa, kushoto... Nakuomba kesho saa mbili uje kliniki, daktari akuone."