Akaunti ya Bhoke

"Nani huyu mwingine ameingia kwa jina la Bhoke?"

Nyarangi aliuliza. Pale ofisini Awendo wote waliingia kwenye seva kwa akaunti moja, ya Bhoke, kwa sababu Bhoke ndiye aliyeijenga tovuti. Lakini wenzake walikuwa wameshafunga kompyuta waende kula, na bado jina lilionekana mara mbili: Nyarangi, na mtu mwingine. Bhoke mwenyewe walishamzika kwao Kuria.

Mamake Nyarangi alikuwa amemwonya mapema: jina la marehemu haliitwi bure, ukilizoea kuliita kila asubuhi, kuna siku mwenyewe ataitika. Nyarangi akamsihi bosi wao, Mosoti, akaunti ifungwe. Mosoti akacheka, akasema hasimamishi kazi kwa ajili ya maiti.

Huyo ndiye Mosoti. Kwa tovuti ile kina mama wajawazito wa Karungu waliita ambulensi. Bhoke, mwenyewe mja mzito, alianza kuvuja damu akiwa kazini, akaomba ruhusa. Mosoti akamwambia apandishe toleo jipya la tovuti kwanza, wageni wanakuja. Akalipandisha. Akakata roho kabla ya kufika hospitali ya Homa Bay. Hata matanga hayajaisha, jina lake likafutwa kwenye tovuti, la Mosoti likawekwa. Na mdomo huohuo ndio uliosoma risala kaburini.

Sasa jina la Mosoti lilikuwa limetoweka kwenye tovuti, naye akaamuru lirudishwe. Nyarangi akaliandika, akapandisha. Ile harufu ya sukari ya kiwandani, ambayo mji mzima umeizoea, ikakatika. Ikaja ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo. Jina likafutika herufi moja moja, na mahali pake pakajiandika: *Aliyejenga ni mimi.*

"Ng'oa waya wa seva," Mosoti akanong'ona.

"Bosi, kuna mama Karungu anangoja gari. Tukizima, halitamfikia."

"Si atazalia nyumbani? Nyanya zetu walizalia wapi?"

Akaingia chumba cha seva mwenyewe. Mlango ukajifunga nyuma yake, feni zikaanza kuvuma, zikapanda mpaka madirisha yakatetemeka, na ndani ya mvumo huo Nyarangi akamsikia Mosoti akiomba afunguliwe, akiomba tena kwa upole asiokuwa nao maishani, sauti ikizidi kufifia, huku chini ya mlango kitu chekundu kikitambaa polepole kuelekea viatu vya Nyarangi, na kwenye kioo cha kompyuta alama ya ambulensi ikikimbia kwenda Karungu bila kuguswa na mtu.

Akashika kitasa. Kilikuwa baridi. Pumzi ikamgusa sikioni, na sauti aliyoijua vizuri, ya mwenzake aliyekuwa akigawana naye mandazi, ikasema taratibu:

"Dada, usimfungulie."