Skrini ya Kushoto

Mambo yalianza na mshale wa kipanya. Mpiga video za harusi alikuwa akihariri kazi ya mteja, mapazia yamefungwa mchana kweupe ili rangi zionekane vizuri, mshale ukamponyoka kushoto na kutoweka. Kushoto kulikuwa na skrini ya marehemu mkewe, na waya wake aliuchomoa mwenyewe baada ya mazishi. Mshale ukarudi polepole, peke yake.

Akamwita shemeji yake, kaka wa marehemu, fundi kompyuta asiyeishiwa maneno.

"Kadi mbili za picha kwenye mashine moja?" fundi alisema, bisibisi mkononi. "Wake wenza hao, shem. Lazima wagombane."

"Ya pili ilikuwa ya dada yako, ya kuendeshea skrini yake. Alichoshwa na skrini kuganda kila nikiwa na kazi nzito."

Fundi akafungua mashine. Alichomoa kadi ya dada yake, akawasha mashine, video zikatiririka kama maji. Akaizima, akairudisha kadi, akawasha tena. Video zikaanza kukwama, chumba kikanuka mafuta ya nywele yaliyopata moto, na skrini ya kushoto ikawaka bila waya.

Marehemu alikuwa amekaa humo, amewapa mgongo, anasuka nywele zake.

"Mume wangu," alisema, "mbona ulinichomoa?"

Mume alipiga magoti. Ilikuwa sauti yake hasa, na aliyefiwa haulizi maswali mengi.

"Shem," fundi alinong'ona. "Tazama huku. Harusi yenu."

Kwenye skrini ya kulia bwana harusi alikuwa akiivisha hewa pete, akitabasamu, akiinama kubusu mahali pasipo na mtu, na fundi alipofungua video nyingine wakamwona mtoto mchanga akinyonya bila ziwa, ameelea juu ya kitanda kitupu, na kila video aliyoifungua ilikuwa na pengo lenye umbo la mwanamke, huku yule wa kushoto akizidi kung'aa.

"Huyo si dada yangu. Ni jini, anamvaa. Anamfuta huku ili aonekane kule. Binti yako atamjua mama yake kwa kitu gani?"

Binti yao alikuwa hajatimiza hata miaka miwili mama yake alipofariki. Video zile ndizo zilizokuwa mama yake.

Mume akaingiza mkono ndani ya mashine. Yule wa kushoto akaanza kugeuka.

"Usinizike mara ya pili," alisema, akilia.

Mume naye alilia, kwa sauti, na akaing'oa kadi ingali inawaka moto vidoleni mwake. Skrini ya kushoto ikazimika.

Walipekua mafaili yote. Ilisalia video moja ambayo haikuguswa, kwa kuwa aliyeshika kamera ndani yake alikuwa mkewe mwenyewe: anaonekana mume tu, na sauti ya mke inasikika nyuma ya kamera. Jioni alimpakata binti yake, akaiwasha.

"Geuka huku, baba watoto," sauti ilisema. "Nikuone."

Mtoto akacheka, akageukia skrini nyeusi ya kushoto, akapunga mkono.

"Baba, mama anakuita. Geuka."

Alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, ila alijua anayeita kule si mkewe. Alimkumbatia mtoto, macho akayakaza mbele, na hapo mbele akauona mshale ukianza kwenda kushoto.