Voisi ya Sekunde Arobaini

Kila asubuhi Adventina alifuta kioo cha mashine ya fotokopi mara mbili: kwanza kwa kitambaa kibichi, kisha kwa gazeti la jana. Siku hiyo alikuwa hajafika kwenye gazeti pale jaketi la rangi ya chungwa, linalochuruzika maji, lilipotua juu ya kioo chake.

"Nataka lebo," alisema mwenye nalo. "Ziwe na jina langu na namba ya simu."

"Unanilowanishia mashine, kaka."

"Samahani. Nimetoka kulijaribu ziwani, nikasahau kwamba hata mimi nimelowa."

Kweli alikuwa amelowa hadi kola ya shati lake jeupe. Nje watu walikimbilia kivuko cha Kamanga, wabeba mizigo wakipiga kelele za kupishwa. Ndani kijana huyo mrefu alisimama akifanya dimbwi sakafuni. Adventina, ambaye kwa kawaida hakuweza kumtazama mteja usoni, alicheka.

"Nani huingia ziwani na shati la kupiga pasi?"

"Mjaluo. Hata samaki tunawaheshimu. Naitwa Okech. Na wewe, subiri, usiniambie. Mhaya. Sasa utanitajia na chuo ulichosoma."

"Hapahapa Mwanza, masoko," alijibu kabla hajajizuia, wakacheka wote wawili.

Okech alikuwa na cherehani moja Nyakato, katika chumba nyuma ya kiwanda, akishonea wavuvi majaketi ya kujiokolea. Baba yake alizama akiwaona watu waliosimama nchi kavu. Ndani ya jaketi alitia ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa friji madukani, isiyonywa maji, na kila jaketi aliliacha ziwani siku nzima kabla ya kuliuza.

Jumapili walikaa kwenye mawe ya ufukweni, Adventina ndani ya gauni la kitenge cha njano, miguu ameikunja. Aliogopa maji hata ya kisigino.

"Watu wakisikia teknolojia wanawaza simu," Okech alimwambia. "Sindano nayo ni teknolojia. Aliyefunga magogo mawili kwa kamba akavuka, huyo ni injinia."

"Na nani angemjua kama hana wa kumsema?"

"Nisemee basi, mama."

Alimsemea. Chuoni walifundishwa kwamba tangazo husikiwa, lakini neno la mtu unayemjua huaminiwa. Kesho yake mchana alituma voisi ya sekunde arobaini kwenye kundi la Watsapu la wachuuzi wa dagaa: "Jamani, majaketi ya Okech nimeyajaribu mwenyewe. Nimeelea asubuhi hadi jioni, nimetoka nacheka." Na akacheka kweli, kicheko chembamba cha mtu aliyependa.

Okech alipiga simu papo hapo. "Umeelea lini wewe? Unaogopa hata beseni."

"Niifute?"

Okech aliguna, kisha akacheka. "Iache, mpenzi. Ni tamu mno."

Voisi ikatoka kundi hadi kundi, ikafika Igombe, ikafika Ukerewe. Walioisikia hawakumjua Adventina, lakini kila mmoja aliipata kwa mtu anayemjua. Oda zikamiminika. Sponji ngumu ikaadimika.

"Waambie wasubiri kidogo," Okech aliomba kwenye simu.

"Ukimsubirisha mmoja, anakusema kwa kumi. Tafuta njia, injinia wangu."

Akaitafuta. Alikata sponji ya godoro, akaifunga ndani ya nailoni, akashona. Hakumwambia Adventina. Wala hakuyaloweka majaketi ziwani tena, maana wateja walikuwa mlangoni.

Mwezi wa nne, upepo ulipindua mtumbwi upande wa Igombe. Watatu walioung'ang'ania waliokolewa. Mvuvi wa nne, Mashimba, alikuwa na jaketi la Okech. Akauachia mtumbwi, akawaambia wenzake anatangulia nchi kavu kuita msaada. Walimpata siku ya tatu. Jaketi lilikuwa zito kama gunia la mchanga.

"Nailoni ilichanika kwenye mshono," Okech alimweleza Adventina kwenye simu.

"Nailoni ya nini?"

Akamwambia yote.

"Ulijua, ukaniacha niendelee kusifia?"

"Nilikuomba wasubiri, Adventina."

Adventina alikata simu. Kwa siku nne hawakusemezana, kila mmoja akimngoja mwenzake abebe kosa ambalo mtu mmoja hakuliweza.

Siku ya tano Adventina alijifunga khanga nyeusi akaenda msibani Igombe, akitumaini hatajulikana. Bernadeta, mjane wa Mashimba, aliketi kwenye mkeka, kichwa amekifunga kitambaa.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

Bernadeta aliinua uso. Akamtegea sikio. "Hebu sema tena."

"Poleni, mama."

"Sauti hii naijua. Mume wangu alinisikilizisha mara tatu. Alisema, huyu binti hadanganyi, sikia anavyocheka."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliacha visu. Ndipo Adventina alipomwona Okech upande wa wanaume, shati halijapigwa pasi, macho mekundu. Okech aliinuka, akaja akasimama mbele ya mkeka.

"Mama, kosa ni langu. Nimeshawaambia wazee, na nikitoka hapa naenda polisi mwenyewe. Huyu hakujua kilichokuwa ndani."

"Okech," Adventina alisema. "Majaketi mangapi ya godoro bado yako ziwani?"

"Nilishona thelathini na mawili. Nimeyapata kumi na tisa. Mengine yamenunuliwa na watu walioambiwa na watu. Siwajui. Sina namba zao."

"Voisi inawajua."

"Usifanye hivyo. Mimi watanifunga yaishe. Wewe watakutukana mpaka kwa mama yako Bukoba."

"Acha afanye," Bernadeta alisema, bila kupaza sauti.

Adventina alitoa simu. Alifungua kundi la wachuuzi wa dagaa. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza simu mdomoni.

"Mimi ndiye niliyecheka kwenye voisi ya majaketi ya Okech. Naitwa Adventina. Kila uliyemtumia ile, mtumie na hii. Naogopa maji. Sijawahi kuelea hata dakika moja, wala kulivaa jaketi lenyewe. Mashimba wa Igombe aliniamini, na leo niko msibani kwake. Yavueni."

Kidole hakukiondoa kwenye kitufe. Okech alikuwa ameinamisha kichwa. Bernadeta alikuwa anamtazama mdomoni, kama anayengoja kuona kitakachotoka safari hii.

"Sikuwa nikisema habari za majaketi," Adventina aliendelea, polepole. "Nilitaka kusema nampenda anayeyashona. Nikaona aibu, nikawaambia yanaelea. Nampenda hata sasa. Msiyavae."