Uzi wa Sweta la Rebeka

Priska aliacha mistari minne ya mshono wa kikapu kwenye kitambaa chake, akaenda kuchimba viazi. Aliporudi, mistari ilikuwa saba, na mitatu ya mwisho ilikuwa ya vifundo.

Kilikuwa kitambaa cha kutundika kanisani. Msalaba na kondoo vilikwisha, limebaki anga tu nyuma yao, na Priska hakuwa mtu wa kujaza anga kwa mshono mmoja kama anayepaka chokaa. Alichanganya mshono wa kikapu na wa mshazari, hadi ukipitisha kiganja unahisi miinuko. Vifundo alivipanga kwa ajili ya mawingu, na mawingu hakuwa ameyafikia. Aliyebaki nyumbani ni Irine, mke wa mwanawe Amon, mwenye mimba ya miezi saba.

"Irine, umegusa kazi yangu?"

"Sijagusa, mama. Ila nilisikia uzi ukivutwa sebuleni. Nikadhani umerudi."

Mwongo huyu, Priska akawaza. Kesho yake alifunga sebule, akaondoka na ufunguo. Ukungu ulikuwa umeifunika Makambako tangu asubuhi. Aliporudi alikuta vifundo vipya na harufu ya ugoro. Katika nyumba ile aliyenusa ugoro, tena kwa kujificha, ni wifi yake Rebeka. Rebeka hakuwahi kuzaa. Kila mara alikuwa akiligusa tumbo la Irine na kusema, "Huyu ni wangu." Walimzika wiki tatu zilizopita.

Hapo angeogopa. Akaona ni rahisi zaidi kukasirika. Alimpigia Amon, aliyekuwa kwenye mashamba ya miti Kifanya.

"Njoo umpeleke mkeo kwao Ludewa akajifungulie huko. Hapa ananichezea akili."

Irine alifunga begi akilia. Mlangoni akanong'ona, "Mama, hebu papasa hilo anga. Mimi naona sweta."

Walipoondoka, Priska akapapasa. Vidole vilipanda kwenye kola, vikashuka begani, vikafuata msuko mnene wa kifuani ambao aliujua kwa sababu aliufumua mwenyewe, maana uzi wote wa bluu wa anga lile ulitoka kwenye sweta la Rebeka, alilolichukua chini ya kitanda cha marehemu kabla ndugu hawajakaa kugawa nguo, akalifumua harakaharaka lisitambulike, na sasa chini ya kiganja chake kifua cha sweta kilikuwa na joto, kikipanda na kushuka taratibu.

Alimwita Yunisi, mzee wa kanisa, akamweleza yote kwa aibu.

"Fumua, Mama Amon," Yunisi alisema kwa sauti ya chini. "Uzi urudi kwa wenyewe."

Walifumua huku wakisali hadi harufu ikaisha. Donge la uzi lilikuwa dogo kuliko Priska alivyolikumbuka. Akajiambia ni vipande vilivyopotea kwenye kukata.

Siku ya pili Irine alipiga simu kutoka Ludewa, sauti yake ina furaha.

"Asante, mama. Kumbe hukunichukia. Nimekikuta begini kisweta cha mtoto, cha bluu, kina vifundo kifuani."

Priska alipaza sauti. "Usimvalishe, mwanangu. Kitoe humo ndani."

"Nitamvalishaje naye hajazaliwa?" Irine akacheka. "Nimekilaza tu juu ya tumbo, nikipime. Njia nzima alikuwa anapiga mateke, mama. Sasa ametulia kabisa."